Ukisema Hayupo, Umeshasema

Sikio langu la kushoto ndilo lililoajiriwa na serikali. La kulia lilikuwa la nyumbani, la kusikilizia watoto wanaopigana na majirani wanaopika pilau bila kualika. La kushoto lilivalishwa chombo cha simu kila asubuhi pale Kilosa mjini, likavuliwa jioni, kwa miaka yote niliyokuwa opereta. Limesikia posa, talaka, misiba, mabehewa ya mkonge yaliyopotea njiani, na mkubwa mmoja wa ofisi aliyekuwa akimwimbia mtu wa Morogoro kila Ijumaa mchana, na mtu huyo hakuwa mkewe. Msiniulize jina. Mkubwa amekufa, mkewe amekufa, aliyeimbiwa naye amekufa, na bado siwaambii.

Naona mnacheka, wajukuu zangu. Mnajiuliza bibi anazilinda siri za marehemu kwa faida gani. Juzi hapa kijana mmoja wa mtaani kwetu Mikumi kamweka shemeji yake kwenye status: kalazwa, dripu mkononi, mdomo wazi, shuka limeteleza hadi kiunoni, na chini kaandika "ugua pole shem". Shem mwenyewe hajitambui. Alipopata nafuu, kila aliyekwenda kumjulia hali alikuwa tayari anamjua kitovu. Enzi zetu mtu akilazwa tulimpelekea uji, tukatazama pembeni akijifunika.

Haya ninayosema yanachapwa na Zuhura, mjukuu wangu, anayesoma chuo Morogoro. Mimi nasema, yeye anabofya simu yake kwa vidole gumba viwili. Nimemwambia asiongeze na asipunguze, na tukifika pale ninapomsema yeye, asinidanganye kwamba mtandao umekata. Kakubali, ingawa kanuna.

Kazi yenyewe hamkuiona, kwa hiyo niwaeleze. Mbele yako kuna ubao mkubwa wenye matundu, kila tundu ni simu ya ofisi au ya nyumba ya mtu. Mwenye simu akizungusha mkono wa simu yake huko aliko, hapa kwako kifuniko kidogo kinadondoka, tak. Unachomeka waya kwenye tundu lake, unasema, "Kilosa, namba ngapi?" Anakutajia, unachomeka ncha ya pili kwa anayemtaka, unapiga kengele. Wakianza kuongea unarudisha swichi nyuma ili usiwasikie. Kazi yote iko kwenye swichi hiyo. Kuchomeka waya hata nyani wa hifadhini angefundishika.

Aliyenifundisha ni Bi Eunike, msimamizi wetu, mtu wa milimani huko Berega, kasomeshwa na wamisheni mpaka akaiva. Viatu vinang'aa, nywele zimebanwa, na humsikii akipaza sauti. Alikuwa anasali kabla ya kula hata karanga. Siku yangu ya kwanza alinivalisha chombo sikioni, akaniambia, "Tatu, watu wakianza kuongea, toa sikio."

"Nitajuaje kama wamemaliza?"

"Kifuniko kitadondoka."

"Na kama wamekatika?"

"Watazungusha tena. Wewe umeajiriwa kwa ajili ya waya au kwa ajili ya maneno yao?"

Kutoa sikio si kitu rahisi, msinione nasema kwa wepesi. Unasikia mwanamke anaanza, "Nilitaka nikwambie kuhusu yule mtoto..." na hapo hapo unatakiwa kurudisha swichi. Mkono unakataa kabisa. Nyie mnashindwa kuacha kufungua picha ya mtu msiyemjua akila chipsi, sisi tulikuwa na talaka za moto moto mkononi na tukaziachia zipite.

La pili alilonifundisha ndilo lililonifaa uzeeni. Kuna watu wanapiga simu hawataki namba, wanataka habari. Mmoja alipiga kutoka Morogoro, sauti ya asali, "Eti dada yangu, hivi yule bwana wa stesheni yupo Kilosa siku hizi?" Nilikuwa mgeni kazini, na nilijua bwana yule anajificha kwa sababu zake. Nikafungua mdomo nimlinde kwa kusema hayupo. Bi Eunike alikuwa nyuma yangu. Akanibana bega, akachomoa waya mwenyewe.

"Ukisema hayupo, umeshasema," akaniambia. "Umesema unamjua. Umesema unajua kuja kwake na kuondoka kwake. Na kwa hiyo sauti uliyotaka kuitoa, umesema kuna kitu unaficha. Kesho atapiga tena, na atakuwa anajua pa kuanzia."

"Sasa niseme nini, Bi Eunike?"

"Wewe kazi yako ni namba. Muulize namba ngapi."

"Akisema hana namba?"

"Muulize tena."

Mkisikia hivyo mnaona jambo dogo. Mjaribu basi. Mtu akikuuliza kitu unachokijua, ulimi unawasha. Mwenzangu Shabani, opereta hodari, mkono mwepesi kwenye waya kuliko sisi wote, huo ulimi ndio uliomponza. Alimsikia mzee mmoja wa Kimamba akiagiza kitanda kikubwa kutoka Morogoro, kiletwe kwa treni, kipelekwe kwenye nyumba ambayo mkewe haijui. Jioni Shabani akahadithia kwenye kijiwe cha kahawa. Jina hakutaja, maana alijiona mtu mwenye maadili. Alisema tu "mzee mmoja wa Kimamba mwenye baiskeli ya kijani". Baiskeli ya kijani Kimamba ilikuwa hiyo hiyo moja.

Kitanda kiliposhushwa kwenye behewa, bibi mkubwa alikuwa stesheni na kaka zake, wakakikalia palepale kwenye jukwaa, wamekunja nne. Kikabebwa hadi kwa bibi mkubwa, na mzee akaambiwa akilalie, peke yake, kwa muda ambao bibi mwenyewe ataupanga. Watu walicheka. Lakini kulikuwa na mwanamke wa pili katika ile nyumba nyingine, aliyeahidiwa, na huyo aliondoka Kimamba kwa aibu na hatukusikia tena habari zake. Huyo hakuna aliyemkumbuka wakati wa kucheka.

Bi Eunike hakumfukuza Shabani. Alimvua chombo, akampa kazi ya kuita watu. Zamani wengi hawakuwa na simu nyumbani, kwa hiyo ndugu yako wa Dar alipiga kwetu, sisi tukamtuma mtu aje akuite. Maneno ni mawili tu: "Unaitwa simu." Huongezi kitu. Na wakati huo simu ilikuwa msiba, hakuna aliyepoteza hela za simu kukusalimia, kwa hiyo anayeitwa anakukagua uso kama daktari. Ukilegeza shavu tu, nyumba nzima imeanza kulia, kumbe mtu kazaa mapacha. Shabani alizunguka Kilosa na jua lile mpaka akajifunza kusema "Unaitwa simu" kwa uso wa mtu anayeulizia bei ya nyanya. Aliporudishwa kwenye ubao alikuwa mtu mwingine.

Kisha zikaja mashine, ubao ukang'olewa, tukaagwa kwa soda na khanga. Nikahamia Mikumi kwenye kiwanja changu. Bi Eunike alikufa kabla ya simu za mkononi kuenea, na nashukuru. Angeona mnavyoishi angefufuka na kurudi kufa.

Maana mimi nilidhani kwa kuwa sasa hakuna Tatu katikati, siri zitanenepa. Kumbe tulimwondoa Bi Eunike tukawabakiza kina Shabani. Zuhura aliingiza tochi kwenye simu yake, tochi tu, ya kumulikia njia ya chooni. Tochi ikamwuliza kama inaweza kuona namba za watu wake, picha zake, na mahali alipo. Akabofya Kubali, Kubali, Kubali, kwa kasi ya mtu anayeua mbu. Nikamwuliza, tochi inamtaka shangazi yako wa Dumila kwa kazi gani? Akasema, "Bibi, ndiyo zilivyo." Kama mtu angekuja mlangoni na kibatari akasema nitakumulikia ila kwanza nipekue kabati, mngemwitia mwizi.

Mnaniambia katiba inatupa haki ya faragha, na sheria ya kulinda taarifa za mtu ipo. Najua, redio ninayo, na nimefurahi. Makampuni yabanwe kweli kweli. Lakini sheria gani itaingia kwenye grupu la ukoo, ambako binamu yako kaweka kadi ya kliniki ya dada yake na watu wanajibu kwa viganja vya kusali?

Sasa Zuhura kaacha kuchapa, ananiangalia. Chapa, mwanangu, tumefika.

Nilikuwa naishi na mtoto wa mdogo wangu, nitamwita Mwajuma. Aliolewa mbali, na mume akawa anampiga. Simaanishi kofi la hasira halafu msamaha, ingawa na hilo silikubali. Namaanisha mkono uliovunjwa na kuungwa vibaya, mpaka leo haunyooki. Siku moja alichukua mtoto wake wa kiume, akapanda basi na nguo walizovaa, akaja kwangu. Mume akamtafuta kwa mama yake, akamtafuta kwa dada zake. Mimi alinijua wa Kilosa mjini, hakujua kama nimehamia Mikumi. Mwajuma akakaa chumba changu cha uani, akapata kibarua kwenye mgahawa wa barabarani wanakokula madereva wa malori, anakaanga chapati. Mtoto akaanza shule.

Na sikilizeni jambo hili, kwa sababu nyie mnadhani siri ni kitu kinachojulikana na mtu mmoja. Habari ya Mwajuma ilijulikana na ukoo mzima. Jirani alijua, mwenyekiti wa mtaa alijua, mwenye mgahawa alijua, mwalimu wa mtoto alijua. Mtaa mzima ulishika mdomo zaidi ya mwaka, bila kuapishwa. Hiyo ndiyo faragha niliyoizoea mimi. Watu wanajua, na wanajua pia isiende wapi.

Kisha kaka yangu akafariki huko Zombo. Tukaenda wote, na Mwajuma akaenda, angekosaje kumzika mjomba wake. Watani wakaja. Kwa ambao mmekulia mijini: sisi ukoo wetu una ukoo wa watani, na kwenye msiba wao wana ruhusa ya kusema lolote kuhusu marehemu na kuhusu wafiwa, na hakuna kununa. Wanatuchekesha ili tusife na sisi. Kuna mtani wetu mmoja, Bi Semeni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Alivaa koti la marehemu, akawa anakohoa vile vile marehemu alivyokuwa akikohoa akitaka chai. Mjane wa watu, aliyekuwa hajala tangu jana, akacheka mpaka akalala kwenye mkeka.

Akamgeukia Mwajuma. Akamshika ule mkono usionyooka, akaunyanyua. "Na wewe, mkono wa birika! Umemkimbia mume, umejibanza kwa Tatu wa simu pale Mikumi, unakaangia chapati madereva wa malori! Mumeo akitaka chapati aje apange foleni nyuma ya scania! Tena akija mwambieni huo mkono tunaudai, aliukodi kwetu ukiwa mzima!"

Matanga yote yakaangua kicheko. Na Mwajuma akacheka. Tangu aje kwangu nilikuwa sijamwona akicheka kwa meno yote. Alicheka huku machozi yanamtoka, akamkumbatia Bi Semeni, na watu wakapiga vigelegele. Bi Semeni alikuwa amesema mbele ya watu wote kitu ambacho sisi tulikuwa tukikinong'ona, na kwa kukisema akamvua aibu. Ndiyo kazi ya mtani. Na maneno yake yanaishia matangani. Ukitoka pale hujasikia kitu, na ukiyarudia njiani, mwenye aibu ni wewe.

Zuhura alirekodi.

Hakuwa na nia mbaya. Nasema hivi si kwa sababu ndiye anayechapa. Aliona kitu kizuri cha kwao, akakitamani kionekane. Akakirusha akiwa bado matangani, na maneno "watani wa kwetu noma sana". Kufikia tunarudi Mikumi kilikuwa kimeshapitishwa na watu tusiowajua, kimewekewa muziki, kimewekewa vichwa vya kucheka. Uso wa Mwajuma umejaa kioo, na sauti ya Bi Semeni inasikika vizuri kuliko redio yangu: kwa Tatu wa simu, Mikumi, chapati, malori.

Zuhura anauza mitandio, kwa hiyo namba yake iko wazi kwenye ukurasa wake. Mtu akampigia. "Samahani dada, nina mzigo wa dada Mwajuma kutoka Dar, nimeambiwa nikuulize wewe." Kwa haki kabisa niseme, mtoto alishtuka kidogo. Alikumbuka kwamba Mwajuma hatajwi tajwi. Kwa hiyo akaficha. Akasema, "Hayupo saa hizi, yuko kazini, labda jioni. Ila ukifika Mikumi ulizia kwa Bibi wa Simu, wote wanapajua."

Akakata simu, akajiona kamlinda mtu.

Asubuhi yake nilikuwa nachambua maharage barazani. Mwanaume akasimama mbele yangu, kavaa vizuri, kachana nywele, kifuko cha zawadi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Nilimjua. Nilicheza kwenye harusi yake. Mikono yangu ikaendelea na maharage, na namshukuru Bi Eunike kwa hilo.

"Mama, nimekuja kumchukua mke wangu."

"Umesafiri na basi gani? Maana siku hizi yanachelewa."

"Mama, Mwajuma yupo?"

"Umekula?"

"Mama, binti yako kaniambia mwenyewe kwenye simu. Kasema yuko kazini."

Hapo ndipo nilipoijua habari ya simu. Zuhura alikuwa ndani mlangoni, na niliona uso wake ukibadilika, kaitambua sauti ya mwenye mzigo. Nikamwita kwa sauti ile ile ya kila siku. "Zuhura, mkaa umeisha. Nenda kachukue." Mkaa ulikuwa gunia zima, limeegemea ukuta, yeye anaujua na mgeni anauona. Zuhura akapita katikati yetu, akasema "Shikamoo" kwa mgeni, akaondoka taratibu. Alipofika kona nikamsikia anakimbia. Na simu yake, ambayo huenda nayo hata bafuni, ilibaki kwenye kigoda inachaji.

Mimi nikahamisha kigoda changu na ungo wangu wa maharage, nikakaa kwenye kichochoro cha kwendea uani, katikati kabisa. Mnaelewa nilichokifanya? Yule ni mkwe wangu. Mkwe hampiti mama mkwe kwa kumwegemea, hamgusi, anamwinamia akimpa maji. Akitaka kwenda uani ilibidi aniruke. Nikaona hapa kijana wa watu atakaa.

Akakaa. Nikampa chai. Kila akiuliza, nami nikauliza. Mgahawa upi, mama? Wewe unapenda chapati za maji au za kusukuma? Akanitolea simu, akanionyesha ile video, mimi mwenyewe nimo, nacheka mdomo wazi. Huyu si wewe? Nikamwambia miwani yangu imevunjika, nikamwuliza hiyo simu kanunua wapi. Kisha nikamsimulia habari ya Shabani na kitanda, mwanzo mpaka mwisho, na nilipofika kwa bibi mkubwa kukikalia nikarudi nyuma nikasimulia tena kwa sababu kuna kaka mmoja nilikuwa nimemsahau. Simu ya Zuhura ikawa inatetemeka pale kwenye kigoda, watu wanapenda video.

Mwisho akasimama. "Unanichezea, wewe bibi." Sikuwa mama tena.

Akaniruka. Aliinua mguu juu ya mapaja yangu na juu ya ungo, kiatu kikapita karibu na pua yangu, akaingia uani. Nimeishi miaka mingi, nimetukanwa na wakubwa kwa waya, lakini jambo lile sikuwahi kulidhania. Mwanamke wa jirani alikuwa anaanika nguo, akaona. Beseni likamtoka mkononi. Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha Mwajuma, kashika ndala za mtoto. Hakuwa anavunja kitu. Alikuwa ananusa shati la mtoto, analia, na ninawaambia hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mkono wa Mwajuma haunyooki na hilo pia ni kweli. Mwenyekiti akaja na wanaume, wakamtoa kwa maneno machache. Aliyemruka mama mkwe wake hana wa kumtetea Mikumi. Akaenda barabarani, akauona mgahawa, akakuta aproni kwenye msumari na chapati inaungua kwenye kikaango.

Mwajuma alikuwa amekwisha panda gari, yeye na mtoto na sare yake ya shule mwilini. Gari la nani na la kwenda wapi, Zuhura alijua wakati ule. Tukaenda polisi, dawati la jinsia, wakatusikiliza vizuri, mume akaitwa, akaonywa, mambo yakaandikwa. Lakini Mwajuma hakurudi. Angerudije, na Mikumi yake iko kwenye simu za watu?

Zuhura alifuta video yake akilia. Za wengine hazikufutika. Akawaandikia mmoja mmoja, akawaomba, akawaeleza kuna mtu anatafutwa kupigwa. Mmoja alimjibu, "Tulia bibie, hii ni kontenti." Nimemwambia neno hilo alichape hivyo hivyo. Mkono uliovunjika, mwanamke aliyecheka mara moja kwa mwaka, msiba wa kaka yangu: kontenti.

Kwenye arobaini ya kaka yangu, Bi Semeni alikuja. Akakaa kwenye mkeka. Vijana wakatoa simu, wakazielekeza kwake, wengine wametoka mbali kwa ajili yake. Akazitazama moja moja. Kisha akajifunika khanga kichwani kama mfiwa wa kawaida, akala wali wake, akaaga. Hakuna aliyecheka siku ile. Mjane alilia peke yake mpaka sauti ikamwisha, na hilo siwezi kuwasamehe.

Chumba cha uani ninacho, ndala za mtoto ziko chini ya kitanda. Mwajuma ameshahama tena kutoka kule alikoshuka, na mahali pa sasa hata Zuhura hapajui. Wala jina lake si Mwajuma, mlidhani ningewapa? Kuna na mengine nimeyageuza kabla ya kumpa Zuhura achape, na huyo mwenye haraka ya kwenda kuulizia migahawa ya barabarani asijisumbue.

Zuhura sasa kavimba macho. Nilitaka nimalizie hapa nimwache akapumzike, lakini simu yake imeita mkononi akiwa katikati ya sentensi. Namba ngeni. Kapokea, kaweka sauti ya nje kama kawaida yake, na sauti tamu ya mwanamke, ikitaja jina la kweli ninaloligeuza hapa, ikasema, "Mambo mdogo wangu, mimi ni rafiki wa zamani wa Mwajuma, tulisoma wote. Hivi yupo hapo kwenu?"

Zuhura akanitazama. Mimi nikatazama ungo mapajani mwangu.

"Namba ngapi?" akasema.

"Namba gani tena? Si nimeshakupigia? Nauliza Mwajuma yupo au hayupo?"

Uso wa Zuhura ulikuwa wa mtu anayeulizia bei ya nyanya.

"Namba ngapi?" akauliza tena. Mimi nikatoa sikio.